Kupandisha mashine ya kufulia ghorofani

SWALI: Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, hapa Mbezi, Dar es Salaam. Mashine ya kufulia iko chini karibu na jiko. Nataka ihamie juu, jirani na vyumba vya kulala. Kitu gani kitakula pesa zaidi? – Mama Wawili

JIBU: Ni maji machafu, mama. Mashine ikikaa ukuta mmoja na bafu la juu, mita chache za bomba la inchi 2 zinatosha, zenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Ikikaa mbali, bomba litapita chini ya zege: zege litobolewe, dari ya chini ifunguliwe, izibwe, ipakwe rangi. Hapo kazi ya uashi huipita ya bomba. Na fundi asithubutu kukata boriti.

Gharama inayosahaulika ni presha. Mashine nyingi hutaka angalau 0.5 bar, yaani tangi liwe takriban mita 5 juu ya koki. Tangi la juu ya paa liko mita 2 au 3 tu juu ya ghorofa, kwa hiyo mashine hujaza polepole mno kisha husimama na kuonyesha hitilafu. Weka kwenye bajeti pampu ndogo ya kuongeza presha.

Umeme: waya wa milimita za mraba 2.5, wenye ethi, moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha swichi. Sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae, na iwe na tundu la kutolea maji. Mpira wa maji ukipasuka ghorofani, dari ya sebule ndiyo italipa.

Kama mashine yako ni ya mlango wa mbele, rudisha boliti za usafirishaji (zile zinazokaza pipa, zilizotolewa mashine ilipofungwa) kabla ya kuipandisha ngazi, la sivyo pipa litayumba na kuvunja vishikizo vyake.