Ukitaka kuandika gita la mzee, anza na mkono

Mjomba wangu, kwetu tunamwita khotsa, anapiga omutibo, ile staili ya gita kavu ya Waluhya ambayo wengi waliijulia kwa George Mukabi aliyefariki 1963. Vidole vimeanza kumkakamaa, so nikaamua niziandike nyimbo zake mapema.

Nilikosea vibaya sana. Nilirekodi sauti tu kwa simu, nikarudi Nairobi, wiki tatu nimevaa hedifoni naandika tablacha, yale maandishi ya gita yenye mstari mmoja kwa kila waya, wenyewe kwa kifupi wanaita tabu na kweli jina limefaa. Niliporudi kwake nikampigia wimbo mmoja kwa gita. Akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote alafu akaniuliza, "Na huu wimbo ni wa nani, mpwa wangu?"

Kumbe nota zilikuwa sawa ila mapigo ndio nimeyaweka kombo. Kidole gumba kinatembea kwenye besi, cha shahada kinaokota melodi katikati ya hizo besi, sasa mimi nilisikia melodi nikadhani hapo ndio "moja", yaani pigo la kwanza. Mwenye kujua "moja" iko wapi ni yule anaekwaruza chupa ya Fanta, na mimi siku ya kurekodi binamu yangu nilikuwa nimemwambia aache kelele! Bas, chupa ikarudi. Ukienda kurekodi usimnyamazishe mtu, chupa, mguu, makofi, vyote viache.

Alafu piga video, mkono wa kulia kwa karibu kabisa, kisha wa kushoto. Usimwambie mzee apige polepole, ukimwambia hivyo atakupigia kitu kingine kabisa, mwache apige spidi yake we utapunguza baadae, Audacity ni ya bure na inapunguza spidi bila sauti kuwa nzito. Na kabla ya yote rekodi kila waya peke yake ukiwa wazi, bila kuubonyeza, manake waya za gita la mjomba zimekazwa chini ya kawaida na kapo yake, kile kibanio cha shingo ya gita, ni penseli imefungwa na raba, usipoandika hilo mtu wa kesho ataanzia pabaya.

Kuna watu huniambia kuandika kunaua muziki wa kienyeji. Mi sikubaliani sana. Jean Bosco Mwenda, mpiga gita wa Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, sai ni Likasi, mwaka 1952, na 1961 na 1962 mtafiti mwingine, David Rycroft, akachapisha gita lake kwa nota. Mwenda alifariki 1990 lakini mpiga gita akikwama kwenye rekodi anaweza kuangalia maandishi. Kinachoua ni kuandika toleo moja ukaliita ndio lenyewe. Mjomba hajawahi kupiga ubeti wa pili kama wa kwanza, kwa hiyo namrekodi siku tatu tofauti, naandika kile kinachorudi kila siku, mabadiliko nayaweka pembeni. Jina lake liko juu ya kila ukurasa, na kopi ya karatasi inabaki nyumbani kwake sio kwa laptop yangu.

Hiyo kopi nilimpelekea juzi. Akaigeuza geuza, akauliza kama hiyo mistari sita ndio waya zake, nikasema ndio. Akagusa ule wa juu kabisa nikamwambia huo ni ule mwembamba. "Mwembamba unakaa chini," akasema, "hebu angalia gita." Ni kweli, tabu inaandikwa kichwa chini miguu juu, na mi nimezoea mpaka nimesahau. Sai kila ukurasa nimechora gita dogo pembeni lenye mishale.