Kadi ya serikali Marekani unayo, daktari wa kuipokea je?

Binamu yangu wa Morogoro kaniuliza eti huko Marekani si serikali inawapa kadi ya bima mnatibiwa bure, sasa mbona kila tukiongea unalalamika hospitali. Najibu kwa urefu maana sio yeye tu anayewaza hivyo, kuna watu wanauza mpaka kiwanja waje huku wakiamini hivyo.

Kadi ipo kweli. Inaitwa Medicaid, ilianza 1965, ni ya watu wa kipato cha chini, inalipiwa na serikali kuu pamoja na ya jimbo. Medicare ni nyingine, ile ya wazee wa miaka 65 kwenda juu na baadhi ya wenye ulemavu, msichanganye. Na Medicaid sio kila mtu anapata, watu wazima wengi wenye grini kadi, kile kibali cha kuishi huku moja kwa moja, wanasubiri miaka 5 kwanza, halafu masharti yanatofautiana jimbo kwa jimbo, hapa Ohio mtu mzima asiye na mtoto anaweza kuipata akiwa na kipato kidogo, akihamia Texas na kipato kile kile anakosa.

Ila kwangu mimi kadi haikuwa shida, shida ni daktari. Daktari binafsi huku halazimishwi kuipokea, na kwa vile inamlipa kidogo kuliko bima za watu wa maofisini wengine hawaitaki kabisa na wengine wanachukua wagonjwa wachache basi wanafunga. Nyie hili mnalielewa, mwezi wa tatu 2024 si mliona hospitali binafsi hapo bongo zilivyogoma kupokea kadi za NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya bei mpya? Huku hakuna mgomo wa kutangazwa, unaambiwa kwenye simu tu, tena kwa upole.

Mwanangu aliumwa jino la nyuma, shavu limevimba, hata uji anameza kwa upande mmoja. Jimbo limewapa kampuni za bima kuendesha Medicaid kwa hiyo kila kampuni ina orodha yake ya madaktari, nikaishika ile orodha nikaanza kupiga, huyu kahama, huyu anatibu watu wazima tu, mwingine dada wa mapokezi kaniuliza una bima gani, nilivyotaja tu akasema samahani mama wa Medicaid wapya hatuchukui kwa sasa, mwingine kanipa tarehe ya miezi miwili mbele na mtoto analia hapo hapo pembeni. Na kisheria mtoto mwenye Medicaid anatibiwa meno, hilo ndo linaniuma mpaka leo, haki anayo na wa kumpa hayupo.

Tuliyempata alikuwa kwenye kliniki ya jamii. Hizi zinapata ruzuku ya serikali kuu, zinapokea Medicaid, na asiye na bima analipa kulingana na kipato chake. Foleni ndefu jamani, lakini jino lilitoka na bili haikuja. Mgeni yeyote akifika namwambia aanzie huko, au kwenye kliniki za vyuo vya madaktari wa meno, wanafunzi wanatibu, mwalimu kasimama pembeni anawaangalia. Na ukipiga simu usiseme Medicaid tu, taja jina la kampuni lililoandikwa kwenye kadi, uliza kama wanachukua wagonjwa wapya, na mkalimani omba, hulipii. Kama kuna daktari unamtaka muulize kwanza anapokea kampuni ipi ndo uchague hiyo.

Emajensi, yaani dharura ya hospitali, hawakufukuzi, sheria ya 1986 inawabana wakuangalie na waitulize hali yako hata huna senti, ila jino watakupa dawa ya maumivu wakuambie katafute daktari wa meno, unarudi kwenye simu zile zile. Na bahasha za jimbo fungueni, kadi inahuishwa, usipojibu inakatwa.

Kuhusu kumleta shangazi atibiwe magoti, binamu, hapana. Akija kwa visa ya kutembea hiyo kadi hapewi, na bili ya goti huku hatuiwezi wote tukichanga. Mpelekeni MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wamwone, mniambie wanataka shilingi ngapi, mimi natuma.