Kipande kifupi kwenye msumeno wa kukatia pembe kibanwe, kisishikwe kwa mkono

Ndugu uliyeuliza kama inafaa kushika kwa mkono kipande cha mbao cha sentimita 10 unapokikata kwenye msumeno wa umeme wa kukatia pembe, na kama glavu zitakukinga, jibu langu kwa yote mawili ni hapana, na nalisema hili kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kukishika.

Nilikuwa nakata vipande vya fremu kwa digrii 45. Klempu, yaani kibanio cha mbao, ilikuwepo mezani, lakini niliona kuifunga na kuifungua kila mara kunanichelewesha. Kipande kimoja kilikatika vizuri, nikainua kichwa cha mashine huku diski ikiwa bado inazunguka, na meno yakakinasa kile kibaki kilichokuwa kimelala huru pembeni, kikagonga ukingo wa nyuma, ule ambao mbao huegemezwa, na kupita karibu na shavu langu kabla sijatambua kilichotokea. Nilipokiokota nilikuta alama mbili za meno ambazo ncha ya ukucha iliweza kuzama ndani yake.

Diski ya inchi 10 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika hupeleka meno yake kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo hakuna mkono unaoweza kuwahi kuondoka. Meno ya chini huelekea ukingo wa nyuma. Ndiyo sababu mbao iliyoegemea ukingo huo barabara hutulia, ilhali iliyoacha mwanya huvutwa ghafla pamoja na vidole vilivyoishika. Ubao uliopinda uweke mgongo wake kwenye ukingo, vinginevyo mkato hujifunga na kubana diski.

Tangu siku ile nafuata utaratibu mmoja bila kuubadili: nabonyeza swichi kichwa kikiwa juu, nangoja diski ifikie kasi yake kamili, nashusha taratibu, kisha naachia swichi kichwa kikiwa bado chini na kusubiri diski isimame kabisa ndipo niinue. Kusubiri huko ni kwa sekunde chache tu, nami nakuomba sana usikuruke. Mikono ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye diski, na usiipishanishe kamwe. Unapohitaji kipande kifupi, kikate kutoka kwenye ubao mrefu uliobanwa, na ncha yake ya mbali itegemezwe kwa kimo kilekile cha meza.

Glavu ziache kando, kwa sababu jino likinasa kitambaa au ngozi yake, huuvuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati nayo ikunjwe. Vaa miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Kabla ya kubadili diski, au kuondoa kibaki kilichokwama chini ya kifuniko chake, chomoa plagi kwenye soketi, hata kama swichi umeshaiachia.