Mbeba machela wa Langoni

Mmeuliza wiki hii: "Ni mzee gani wa mtaani kwenu aliyetangulia mbele ya haki ambaye mngependa vijana wamjue, na kwa lipi?" Wangu ni mzee mmoja wa Langoni, Lamu, mtaa mzima tukimwita Ami. Wanaomtaja humtaja kwa vita vya Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia. Mimi nataka ajulikane kwa jinsi alivyomuuguza mkewe.

Burma nitaipita haraka. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku kwetu, mbeba machela katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowafuatia Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua za huko zikiwa zimeshika. Magari yalikwama matopeni, majeruhi wakatolewa kwa mikono ya watu. Vidonge vya malaria viliwageuza ngozi manjano. Mwisho wake alipewa kiinua mgongo kilichopimwa kwa cheo na kwa rangi, cha Mweusi kikiwa kidogo. Jambo hilo lilimuudhi hadi uzeeni, na haki yake.

Alichorudi nacho cha maana ni ujuzi wa kubeba. Mjini kwetu gari haliingii vichochoroni. Mgonjwa wa ghorofani hushushwa kwa ngazi nyembamba za mawe, kisha hupenyezwa baina ya kuta na punda wenye mizigo hadi hospitali au pwani kwenye boti. Ami ndiye aliyetufundisha sisi vijana. Wa mbele aanze na mguu wa kushoto, wa nyuma na wa kulia, hatua fupi, ili machela isirukeruke. Mkishuka, miguu ya mgonjwa itangulie. "Kitwa yuu, maguu mbee!" alitupigia kelele, na ole wako ulete mzaha. Msidhani alikuwa mtu wa maneno matamu. Wageni waliojazana chumbani kwa mgonjwa aliwatoa nje bila haya.

Mkewe alipopigwa na kiharusi, akapooza upande mmoja na ulimi ukafunga, jamaa walitaka aletwe binti wa ndugu kutoka Matondoni aje amtunze. Ami akakataa. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Mkono uliolala aliukunja na kuukunjua usije ukakakamaa. Uji alimnywesha akiwa amekalishwa wima, kijiko kidogo, akangoja ameze ndipo alete kingine, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi hupaliwa upesi, na chakula kikishukia mapafuni huwa ni maradhi mengine. Nepi alizikata kutoka kanga kuukuu, akazifua mwenyewe uani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanamume kufua nepi za mke! Barazani walimcheka kwa adabu, yaani kwa kumsifu kupita kiasi. "Ami ana subira, mashallah," walisema, kisha kila mtu akaenda kwake kulala. Zamu ya usiku hakuna aliyeiomba, isipokuwa mkwewe mmoja ambaye naye hakutajwa na mtu. (Sifa za barazani ni rahisi, hazikeshi.) Ami mwenyewe nilimsikia akijibu mara moja tu: "Burma nimewaosha wanaume nisiowajua. Huyu namjua."

Mkewe alipofariki alitaka kumwosha yeye. Baadhi ya akina mama wa ukoo wakaona si desturi. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi'i mume anaruhusiwa kumwosha mkewe, na shekhe alipoulizwa akasema hivyo hivyo. Akamwosha.

Kisha nyumba nyingine zikaanza kumwita awaonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa, hata nyumba za wale waliomcheka. Alikwenda, kwa sharti moja: wana wa kiume wawepo chumbani, si mabinti peke yao. Nyumba moja wakamwambia, "Ami, vijana wako baharini." Akasema sawa, akakaa darini kwa mwenye nyumba akanywa kahawa yake hadi ikaisha birika. Vijana waliporudi jioni, wakinuka samaki, hata salamu hakuzipokea vizuri. Aliwapa sabuni.