Canon, Nikon au Pentax kwa bajeti ndogo: chagua lenzi kwanza

Ndugu, umeuliza uchukue kamera ipi kati ya Canon 700D na Nikon D3300, zote zikiwa zimetumika na kila moja ikiuzwa pamoja na lenzi yake ya kuvuta ya 18-55mm, na ukaongeza kwamba yupo anayekuuzia Pentax K-50 kwa bei ya chini zaidi. Umeeleza kwamba utapiga sherehe za ukumbini na mechi za watoto, na kwamba ukishanunua hutakuwa na fedha ya kuongeza kitu kikubwa kwa muda mrefu. Kwangu mimi maelezo hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko yote, ingawa wengi waliokujibu wameyaruka wakaanza kulinganisha megapikseli.

Nimefanya kazi za sherehe kwa miaka mingi nikitumia Nikon D7000, na mwenzangu ninayeshirikiana naye anatumia Canon 70D. Mara nyingi tumepiga tukio moja chini ya taa zilezile, kisha tukahariri picha za kamera zote mbili kwenye kompyuta moja. Tofauti kati ya chapa hizi ipo, lakini ni ndogo mno ukiilinganisha na tofauti inayoletwa na lenzi. Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), ilhali lenzi ya 50mm yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Maana yake ni kwamba picha ya ukumbini iliyokulazimisha kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400, ikajaa chengachenga usoni mwa bibi harusi, ungeweza kuipiga kwa ISO 640 bila kubadilisha kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia. Hakuna sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya Canon, Nikon wala Pentax ya kizazi hicho inayoweza kukupa nafuu ya kiasi hicho kwa kubadilisha chapa tu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: baada ya 18-55, lenzi ya pili utakayoimudu ni ipi, na je, bodi unayoitaka (kamera yenyewe bila lenzi) itaitumia ipasavyo? Hapo ndipo Canon na Nikon zinapoachana. Canon ilipoanzisha mfumo wake wa EF mwaka 1987, iliweka mota ya fokasi (ya kulenga) ndani ya kila lenzi, kwa hiyo lenzi ya EF ya zamani yenye fokasi ya otomatiki utakayoikuta kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika italenga yenyewe ikifungwa kwenye 700D. Nikon ilibakiza mdomo wake wa F (sehemu inapofungwa lenzi) uliotoka mwaka 1959, jambo la kusifiwa, lakini lenzi zake nyingi za zamani za AF na AF-D hazina mota. Hutegemea mota iliyo ndani ya kamera. D3300 haina mota hiyo, wala hazina D5300 na ndugu zake wa daraja hilo. D90 na D7000 wanayo.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, toa lenzi na uangalie ile pete ya chuma inapofungwa lenzi. Kwenye bodi yenye mota utaona upande wa chini kijiti kidogo cha chuma chenye ncha bapa kama ya bisibisi. Hicho ndicho kinachozungusha fokasi ya lenzi za AF-D. Kwenye D3300 pahali hapo pako patupu. Ukifunga 50mm f/1.8D, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa bei nafuu, utalazimika kulenga kwa mkono ukitegemea kitone cha kijani kwenye kioo cha kuchungulia, na usipoiweka pete ya tundu kwenye f/22 kamera itaandika fEE na kukataa kupiga. Kulenga kwa mkono kwa f/1.8 watu wakiwa wanacheza muziki si jambo ninalomshauri mtu anayeanza. Ukichukua D3300, basi tafuta lenzi zenye alama ya AF-S, ambazo zina mota ndani, na ya kuanzia iwe AF-S DX 35mm f/1.8G, ambayo ni nzuri kwelikweli na kwa ukumbi mdogo hufaa kuliko 50mm.

Nasema hufaa kuliko 50mm kwa sababu kamera zote tatu zina sensa ya APS-C, ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm, kwa hiyo inakata sehemu ya picha. Lenzi ya 50mm huonekana kama 75mm kwenye Nikon na Pentax, na kama 80mm kwenye Canon. Ni nzuri kwa sura ya mtu mmoja, lakini ukitaka meza nzima utajikuta umeegemea ukuta.

Pentax K-50 inadharauliwa bila sababu. Bodi yake imezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu, kioo chake cha kuchungulia ni kikubwa na angavu kuliko vya hizo mbili, na kinga ya mtetemo imo ndani ya kamera, kwa hiyo hata lenzi kuukuu ya mdomo wa K hunufaika nayo. Ila kinga ya mtetemo hutuliza mkono wako tu. Mtoto anayekimbia ataendelea kutoka na ukungu kama shata ni ya polepole. Tatizo langu na Pentax ni soko: lenzi zilizotumika ni chache, flashi ni chache, na mtu wa kukuazima kitu siku kifaa chako kimegoma ni vigumu kumpata. Kama unaye jirani au ndugu mwenye lenzi za Pentax, hoja hii yote inageuka, na ningekuambia uichukue bila kusita.

Kuhusu sensa, niwe mkweli kwa pande zote. D3300 ina megapikseli 24 na 700D ina 18, na hilo halitakuathiri mpaka uchapishe picha kubwa sana au ukate sehemu ndogo ya picha. Jambo ambalo utaliona ni vivuli: kwenye faili ghafi (RAW) za Nikon naweza kuinua uso uliopigwa gizani, suti nyeusi ikabaki nyeusi safi, wakati 70D ya mwenzangu huanza kuonyesha chenga na mistari mapema zaidi. Kwa upande mwingine, video za 70D huniacha nyuma kabisa, kwa sababu inafuata uso wa mtu kwa utulivu. Hata 700D, ambayo haina teknolojia hiyo kamili, ina skrini ya kugusa inayogeuka, na kwa anayerekodi huo ni msaada mkubwa.

Kwa mechi za mchana zote zinatosha. Utahitaji lenzi ndefu, ama EF-S 55-250 IS STM ya Canon ama AF-S 55-200 VR ya Nikon, na shata ya 1/500 au zaidi.

Kwa matumizi uliyoyataja, ningechukua 700D pamoja na EF 50mm f/1.8 STM, kwa sababu fedha yako ni ya mara moja na Canon hukupa lenzi nyingi zaidi za bei nafuu zinazolenga zenyewe. Hata siku ukihamia kamera za kisasa zisizo na kioo ndani (mirrorless) za mfumo wa EOS R wa Canon, lenzi hizo zitalenga kwa kutumia adapta, wakati adapta ya FTZ ya kamera kama hizo za Nikon haina mota na haitazisaidia AF-D. Lakini ukikuta D7000 iliyotunzwa vizuri kwa bei inayokaribiana, hapo ningebadili jibu: ina mota, ina nafasi mbili za kadi, na shata yake ilipimwa kwa mapigo 150,000 badala ya 100,000 ya D3300.

Kabla ya kulipa, nenda na kadi yako mwenyewe. Piga karatasi nyeupe kwa f/16 ili uone vumbi la kwenye sensa, kisha mulika tochi kupitia lenzi uangalie utando wa ukungu, yaani kuvu inayoota ndani ya vioo vyake. Ukiuona, iache hata kama bei inavutia. Nikon na Pentax huandika idadi ya mapigo ya shata ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo programu ya kusoma taarifa za picha itakuonyesha. Kwa 700D utahitaji kuiunganisha na kompyuta kwa waya, na muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo hastahili fedha yako.