Maswali na majibu: Umeshapata wanagenzi, je, wa kuwafundisha yuko wapi?

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu waliokabidhiwa kazi ya kuanzisha uanagenzi, yaani kujifunza fani kazini chini ya fundi, katika kampuni kubwa. Nafurahi kwamba jambo hili linafikiriwa. Lakini karibu wote wananiuliza habari za wanagenzi, na ni mmoja tu aliyeniuliza habari za mwalimu.

Tuna wafanyakazi zaidi ya 4,000. Uongozi umeamua tuanze na wanagenzi 200 mwaka huu. Tuanzie wapi? (Afisa mafunzo)

Anza kwa kurudi kwa uongozi na kuomba idadi hiyo ifutwe. Imepangwa mezani, nami nina hakika hakuna aliyeshuka karakana kuuliza. Wanagenzi huhesabiwa kwa kufuata mafundi: wangapi wanaijua kazi barabara, wangapi kati yao wanapenda kufundisha, na wangapi wakuu wao wa zamu wako tayari kuwapunguzia majukumu ili wafundishe. Mkipata kumi, chukueni wanagenzi kumi, au kumi na tano mkijikaza. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Namba 208 la mwaka 2023 kuhusu uanagenzi bora, limetaja uwiano wa wanagenzi na wafanyakazi kuwa jambo la kuwekewa kanuni, na sababu ni hiyo hiyo.

Kisha chagueni fani moja, mbili zikizidi. Kaeni na mafundi wenyewe, muandike kila kazi ambayo fundi kamili wa fani hiyo anatakiwa kuifanya bila kusimamiwa. Zipangeni kutoka nyepesi hadi nzito, na mbele ya kila kazi muandike idara itakayoifundisha na jina la mtu. Msiandike cheo, andikeni jina. Mkishindwa kuweka jina, kazi hiyo haina mwalimu, na ni heri mjue sasa kuliko mwaka wa pili.

Ukubwa wenu una faida yake: mwanagenzi anaweza kupitia idara nyingi ambazo karakana ndogo haina. Una na hatari yake. Anayehamishwa kila baada ya wiki mbili hafahamiki kwa yeyote. Kila idara inadhani iliyotangulia ilishamfundisha usalama wa mashine. Mpeni mtu mmoja wa kumfuata tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata akihama idara.

Kuna tofauti gani kati ya uanagenzi na utarajali?

Nimeshaijibu mara nyingi, na anayeanzisha programu angepaswa kulijua hili kabla ya kuandika tangazo. Mtarajali amehitimu masomo, anakuja kuzoea kazi. Mwanagenzi anajifunzia fani hapo hapo kazini, kwa mkataba wa maandishi, akiwa na sehemu ya darasani, na mwisho anapata cheti kinachotambulika nje ya geti lenu. Kama cheti chenu hakiheshimiwi na mwajiri mwingine yeyote, msikiite uanagenzi.

Fundi wetu bora kabisa amekataa kufundisha. Anasema akifanya hivyo kazi zake zinalala. Tumlazimishe? (Meneja wa karakana)

Amekuambia ukweli nawe unatafuta fimbo. Anapimwa kwa kazi anazokamilisha kwa zamu. Mwanagenzi akisimama pembeni yake, kila kazi inachelewa, na mwisho wa mwezi lawama ni zake peke yake. Mtu mwenye akili angekubali vipi?

Badilisheni kipimo. Saa za kufundisha ziingie kwenye ratiba kama saa za kazi, ziwe sehemu ya tathmini yake ya mwaka, na zilipwe. Halafu mumfundishe kufundisha, maana kuijua kazi na kuielekeza ni vitu viwili. Fundi wa miaka ishirini mikono yake inafanya mambo ambayo ameshasahau kuwa aliwahi kuyajifunza. Lazima asaidiwe kuyatenganisha hatua kwa hatua.

Ujerumani ina kanuni inayomtaka msimamizi wa mafunzo kazini athibitishe kwamba anaweza kufundisha. Mwaka 2003 waliisimamisha, kwa matumaini kwamba kampuni nyingi zaidi zitafungua nafasi zikipunguziwa masharti. Mwaka 2009 wakairudisha. Hiyo ni nchi yenye mafundi wengi waliobobea, na bado waliona haifai kuliacha jambo hili lijiendee.

Na kama baada ya hayo yote bado hataki, mwacheni. Mwalimu asiyetaka humfanya mwanagenzi aichukie fani.

Tukishawafundisha wataondoka. Tuwafunge kwa mkataba wa miaka mitano?

Hapana. Sheria ya Ujerumani ya mafunzo ya ufundi inabatilisha sharti lolote linalombana mwanagenzi katika kazi yake baada ya kuhitimu. Makubaliano ya kubaki yanaruhusiwa ndani ya miezi sita ya mwisho ya mafunzo. Nakubaliana nayo kabisa. Kijana anayesaini siku ya kwanza hajui thamani ya anachokitoa. Mtakaowazuia kwa karatasi watakuwepo kimwili tu. Miezi sita kabla ya kumaliza, mwiteni, mwambieni nafasi gani inamsubiri na mshahara gani. Nimeona wengi wakiondoka kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wanatakiwa.

Je, miezi mitatu ya uanagenzi inatosha?

Hiyo ni kozi. Uingereza iliwahi kuweka miaka saba kwa sheria ya mwaka 1563, ikaifuta mwaka 1814. Saba ilikuwa mingi mno. Ujerumani leo fani huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu, na Marekani uanagenzi uliosajiliwa kwa kipimo cha muda hauwi chini ya saa 2,000 za kazi.

Mimi ni mwanagenzi, mwezi wa nane sasa. Natoa nakala, napeleka barua, nafagia. Mashine nimeigusa mara mbili. Nivumilie?

Pole sana, mdogo wangu. Kufagia karakana ni sehemu ya kazi na kila fundi hufagia, lakini miezi minane ya kufagia ni kuibiwa muda. Chukua daftari leo. Andika kila siku ulichofanya, saa ngapi, na nani alikuelekeza. Likijaa wiki nne, nenda nalo kwa msimamizi wa mafunzo pamoja na mkataba wako, mwonyeshe vipengele ambavyo havijaguswa. Nenda kwa adabu, ila usiende mikono mitupu. Asiposikia, wapo chama cha wafanyakazi na mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi.

Nanyi mameneja mnaosoma: daftari hilo lilipaswa kudaiwa na ninyi tangu wiki ya kwanza. Asingehitaji kuniandikia mimi.

Mwanagenzi alipwe posho au mshahara?

Alipwe, iandikwe kwenye mkataba, na ipande kila mwaka kadiri ujuzi unavyopanda. Jina mtalichagua wenyewe, kwa kufuata sheria ya kazi.

Mfanyakazi wetu wa miaka 45, mpakiaji ghalani, anaomba aingie uanagenzi wa umeme. Tunaona amechelewa.

Mchukueni. Kampuni anaijua, zamu anazijua, na ameomba mwenyewe.