Barua kwa mwanangu: pai ya viazi na nyama ya kusaga isiyotoka majimaji

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hapa Tanga wote wazima, na tunakuombea nawe uwe hivyo huko Dar. Ujumbe wako nimeupata. Umewapikia wenzako wa nyumba, watu sita, pai ya viazi na nyama ya kusaga: chini ikajaa maji, viazi vikavutika kama gundi, na juu haikushika rangi hata baada ya saa nzima kwenye oveni. Tena ulinunua kilo nzima ya nyama na bado watu wakaongezea mkate. Unauliza umekosea wapi, kama inawezekana kwa pesa kidogo zaidi, na umeme ukikatika ufanye nini.

Inawezekana, tena kwa nusu ya nyama uliyonunua. Nianze na jambo litakalokusaidia kuliko vipimo vyote: katlesi unajua kuipika. Pai hii ni katlesi iliyolazwa. Nyama ni ile ile na kiazi ni kile kile, ila badala ya kufinyanga moja moja, kuchovya kwenye yai na kukaanga kwa mafuta mengi, unatandaza nyama chini na kiazi juu, unaoka mara moja. Tofauti iko kwenye maji. Nyama ya katlesi lazima ikauke kabisa, la sivyo inapasukia kwenye karai. Ya pai inataka rojo zito kidogo ili isimkabe mlaji. Kiazi cha katlesi hakitiwi maziwa, cha pai kinatiwa. Kati ya makosa yako matatu, la kwanza ni la maji. La gundi na la rangi yana sababu zake, nitayafikia.

Vipimo vya watu sita ni hivi. Nyama ya kusaga nusu kilo. Viazi mviringo kilo moja na robo kabla ya kumenya. Adesi kavu gramu 100. Vitunguu maji viwili vikubwa, karoti mbili, nyanya tatu zilizoiva sana, kitunguu saumu punje nne, tangawizi kipande cha kidole gumba. Bizari nyembamba ya kusaga kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, mdalasini robo kijiko na usizidishe, maana ukizidi unafunika nyama yote. Unga wa ngano kijiko kimoja kikubwa, maji au supu kikombe kimoja, yaani mililita 250. Kwa ajili ya viazi: siagi gramu 50, maziwa mililita 150, yai moja. Trei iwe ya sentimita 20 kwa 30, kina chake sentimita 5. Ukitumia trei pana kuliko hiyo tabaka linakuwa jembamba na kukauka. Ndogo kuliko hiyo itafurika na kuchafua oveni.

Adesi ndizo zitakazokuokolea pesa. Wenzako wa Kenya wanaziita kamande. Chukua zile za kahawia au za kijani, si nyekundu, kwa sababu nyekundu zinapondeka na kuwa uji. Zichemshe peke yake dakika 20 hadi 25, ziive bila kupasuka, kisha zichuje mpaka ziache kudondosha maji. Gramu 100 kavu zinakuwa karibu gramu 250 zikiiva, na zikikaa ndani ya nyama iliyokaangwa vizuri zinachukua rangi na ladha yake. Hapo nusu kilo inaonekana kama robo tatu. Usizidishe zaidi ya hapo, maana pai itakuwa ya adesi yenye nyama, na hicho ni chakula kingine. Karoti nazo zikwangue, usizikate vipande; zilizokwanguliwa zinapotelea kwenye rojo na kulifanya zito.

Bucha, usilazimishe steki tupu. Bega au shingo isiyo na mfupa, yenye mafuta kiasi, ina ladha zaidi na haikauki. Iangalie kwanza ikiwa kipande, ndipo isagwe mbele yako, ipite kwenye mashine mara moja tu. Na uipike siku hiyo hiyo. Kipande kizima kikichafuka, vijidudu vinakaa juu. Kikisagwa, cha juu chote kinaingia ndani, ndiyo maana nyama ya kusaga inaharibika upesi na haifai kuliwa ikiwa na wekundu katikati. Kama ilikuwa kwenye friza, iyeyushe ndani ya friji usiku kucha kwenye chujio juu ya bakuli. Yale maji mekundu yanayodondoka chini usiyarudishe kwenye sufuria.

Sasa kukaanga, na hapa naomba usome pole pole, kwa sababu hapa ndipo maji yako yalipotoka. Nyama ya kusaga ina maji mengi ndani. Ukiitia yote kwa pamoja kwenye sufuria yenye moto mdogo, sufuria inapoa, maji yanatoka, na nyama inachemka ndani ya maji yake badala ya kukaangika. Inageuka rangi ya majivu, ngumu, haina harufu. Pasha sufuria pana mpaka iwe moto kweli, tia kijiko kimoja cha mafuta, kisha nusu ya nyama. Itandaze na uiache dakika tatu bila kuigusa. Mkono utakuwasha kukoroga, uzuie. Tumia masikio: nyama inayokaangika ina sauti kali na kavu, inayochemka ina sauti nzito ya kutokota. Ukisikia kutokota, ongeza moto, usifunike, subiri mpaka sauti ibadilike. Upande wa chini ukishakuwa kahawia, vunjavunja kwa mwiko, geuza, kisha itoe na utie nusu ya pili. Chumvi tia mwishoni, maana ukiitia mapema inavuta maji nje.

Kwenye mafuta yale yale, kaanga vitunguu mpaka kingo zake ziwe kahawia. Tia saumu na tangawizi, nusu dakika, halafu bizari, pilipili manga na mdalasini. Tia nyanya ulizozikwangua. Nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge pembeni. Zisipofika hapo, maji yake yatatokea ndani ya oveni, wakati huna tena njia ya kuyaondoa. Rudisha nyama yote, nyunyiza unga wa ngano na ukoroge dakika mbili ili ule ubichi wa unga uishe. Kisha mimina maji kidogo kidogo, tia adesi na karoti, punguza moto na uache dakika 15 bila kufunika. Ukifunika, mvuke wote unarudi ndani.

Kipimo cha kujua kama iko tayari: pitisha mwiko chini ya sufuria, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Njia ikifunga mara moja, bado ni maji. Ikikaa wazi sekunde mbili kabla ya kujifunga, epua. Ikibaki wazi kabisa umekausha mno, ongeza robo kikombe cha maji. Onja chumvi sasa. Ndani ya trei huwezi kuongeza tena. Kisha iache ipoe dakika 15. Nyama ikiwa ya moto na nyepesi, kiazi kinazama ndani yake na tabaka zote mbili zinakuwa kitu kimoja.

Wakati nyama inatulia, shughulikia viazi. Chagua vya unga, vile ambavyo vikichemshwa vinapasuka ngozi na kuachana, kama vingi vinavyoshuka kutoka Lushoto na Mbeya. Viazi vyenye nta, vile vigumu vinavyobaki vizima kwenye mchuzi, havipondeki vikawa laini. Vyenye rangi ya kijani vikate sehemu hiyo kwa kina pamoja na macho yake; kikiwa cha kijani sana au kichungu, kitupe. Kata vipande vya sentimita 4, vyote sawa, na uanze na maji baridi yenye chumvi kijiko kimoja cha chai. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje inaiva na kuanza kumeguka huku ndani bado pagumu, na hapo ndipo mabonge yanapotokea. Dakika 15 hadi 20 tangu yachemke, kisu kiingie bila kuhangaika.

Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo dakika mbili, ukitikisa, mpaka viwe vyeupe na vya unga kwa nje. Watu wengi wanairuka hatua hii, nawe nadhani uliiruka: kiazi kilicholowa hakina nafasi ya maziwa, kinakuwa uji.

Sasa gundi. Ulinitajia kwamba ulitumia blenda, na hiyo ndiyo sababu. Ndani ya kiazi kuna wanga uliofungiwa kwenye vijichembe. Ukiponda kwa mkono unavitenganisha tu. Kisu cha blenda kinavipasua, wanga unamwagika, na unakuwa gundi kweli kweli ambayo hakuna maziwa yatakayoirekebisha. Ponda kwa mwiko, kwa uma mkubwa au kwa chini ya glasi nene, vikiwa bado vya moto. Tia siagi kwanza, iyeyuke na kuuzunguka wanga, ndipo maziwa ya moto kidogo kidogo. Maziwa baridi yanavipoza na kuvifanya vigumu. Acha kumimina pale kiazi kinaposimama kwenye mwiko bila kudondoka. Pengine hutamaliza mililita zote 150, na si lazima. Tia kiini cha yai mwisho, ute uweke kando.

Tandaza nyama kwenye trei, kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Kiazi usikimwage katikati. Anza kukiweka kuzunguka kingo, ukikigusisha na ukuta wa trei, kisha uingie katikati. Ukuta wa kiazi unazuia rojo lisipande juu na kumwagika. Chora mistari kwa uma, mistari yenye kina, kwa sababu migongo yake ndiyo inayoshika rangi kwanza. Piga ule ute na kijiko cha maziwa, upake.

Kuhusu rangi: hukuniambia ulioka kwa nyuzi ngapi, lakini saa nzima bila rangi maana yake oveni ilikuwa na moto mdogo au trei iliingia kabla haijapata moto. Nyama imeshaiva, viazi vimeshaiva; oveni kazi yake ni kupasha na kutia rangi tu. Iwashe dakika 15 kabla, nyuzi 200, trei iwe rafu ya juu, bila kufunika, dakika 25 hadi 30, mpaka uone rojo linachemka kwenye kingo. Hizo oveni ndogo za umeme mara nyingi zina swichi ya moto wa juu peke yake. Iwashe dakika tano za mwisho, na usiondoke karibu.

Umeme ukikatika, mkaa unafaa kabisa, kama unavyooka keki. Chukua sufuria kubwa na nzito, tandika mchanga mkavu sentimita mbili, uipashe, weka juu yake sufuria ndogo au trei ya duara yenye pai. Funika kwa ufuniko bapa na upange makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi, ya chini machache, theluthi mbili kwa theluthi moja, kwani chini hakuna cha kuivisha na kunaungua haraka. Adui hapa ni mvuke: unagonga ufuniko na kudondokea juu ya kiazi, kikabaki cheupe. Kila dakika 10 funua, futa ufuniko kwa kitambaa, rudisha. Dakika 35 hadi 40 zinatosha. Na kama una jiko la gesi tu, kaanga chenga za mkate mkavu kwa siagi kidogo mpaka ziwe kahawia, nyunyiza juu ya pai iliyopashwa moto mdogo kwenye sufuria. Rangi yake si ya kuoka, lakini ule mkwaruzo mtamu wa juu utaupata.

Ikitoka, usiikate. Dakika 10 hadi 15 za kutulia ndizo zinazoshikisha rojo. Ukikata mara moja utasema tena ina maji na kumbe haina.

Kuna wanaopanga viazi vibichi vya duara juu ya nyama yenye nyanya. Kwa sasa usijaribu. Uchachu wa nyanya unazuia kiazi kulainika, unaweza kuoka saa nzima na bado ukasikia kikilia menoni. Siku ukitaka, kata unene wa milimita 3, chemsha dakika 5 kwanza, na ufunike kwa karatasi ya foili nusu ya muda wa kuoka.

Umeuliza pia jina lake. Wafaransa wanaiita hachis Parmentier, kwa jina la Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyezaliwa mwaka 1737 na kuhangaika sana kuwashawishi watu wake wale viazi. Waingereza wana majina yao, moja kwa nyama ya ng'ombe na jingine kwa ya kondoo. Wewe iite unavyotaka.

Inayobaki, kwa joto la Dar, isikae nje zaidi ya saa moja. Weka friji, itakaa siku tatu. Kupasha, tia kijiko cha maji kwenye kingo na ufunike mpaka katikati iwe ya moto kabisa, halafu funua ikauke juu. Pembeni weka kachumbari ya kabeji na ndimu, maana chakula hiki ni kizito na kinataka kitu cha kukata uzito huo.

Ukiipika tena, nipigie picha ya kipande kilichokatwa, si ya trei nzima. Kwenye kipande ndipo nitakapoona kama rojo limeshika.

Mama yako